Kwa nini motokari ya shule inawaka leo na kesho inagoma?

Katika toleo lililopita tuliahidi kuandika juu ya matayarisho ya Egzameni ya Taifa. Habari ile itangoja kidogo, kwa maana kuna neno moja ambalo watu wote wanauliza, tangu kwa jikoni mpaka kwa chumba cha walimu: ile kamionete yetu ilikuwa na ugonjwa gani? Mwalimu wetu wa fizike ameomba sisi wa mwaka wa sita tulieleze jambo lenyewe sawasawa, si kwa masengenyo. Tumekubali. Tena tuna sababu yetu ya kukubali, mtaiona mbele.

Mnakumbuka ile usiku ya mwezi wa tatu. Dada yetu mmoja wa internati alishikwa na homa kali, akatapika, akaanza kusema maneno yasiyo na mpango. Saa tano ya usiku Mama mwangalizi alituita sisi makapita tumwamshe Papa shofere. Papa alikuja mbio, koti juu ya nguo za kulalia. Aliingia, akageuza ufunguo: tak. Akageuza tena: tak. Taa kubwa ziliwaka vizuri kabisa, zikamulika mpaka ukuta wa kanisa, lakini moteri haikuzunguka hata mara moja. Tulijaribu kuisukuma, lakini wote mnajua pale inapolala, pua yake iko kwa ukuta na nyuma ni mpando. Mwisho tulitengeneza tipoyi ya miti miwili na blanketi, tukambeba dada yetu kilometa nne mpaka kituo cha afya. Tulifika saa saba na nusu. Ilikuwa malaria kali. Wakamtia serumu na dawa, na leo yuko mzima, anasoma haya pamoja nasi.

Asubuhi yake Papa shofere aligeuza ufunguo mara moja tu, mbele ya Bwana Prefe na watu wote, na motokari ikawaka sawa haikuwa na neno. Hapo ndipo maneno yalianza. Wengine walisema alikuwa amelewa. Wengine walisema hakutaka kutoka usiku, ndiyo maana aligeuza ufunguo nusu-nusu. Kulikuwa hata na wale waliosema kuna mtu ameilogea motokari. Na sisi, ndugu, hatuwezi kujificha: katika raporti ya nidhamu ya juma lile tuliandika kwa mkono wetu kwamba "shofere hakuonyesha juhudi." Tuliandika hivyo kwa sababu taa ziliwaka. Tulifikiri: taa zinawaka, basi batri ni nzima, batri ni nzima, basi motokari ni nzima, motokari ni nzima, basi ubaya uko kwa mtu.

Kiisha shule ilinunua batri mpya kwa feza za kamati ya wazazi. Juma mbili zikapita vizuri. Juma ya tatu ikagoma tena, sokoni, saa ya mchana, na magunia ya mihogo juu yake. Fundi mmoja akaipiga demareri nyundo, ikawaka. Akasema: "Iko demareri, munununue ingine." Bei aliyotaja ilikuwa kubwa sana, na katika mkutano wa kamati mtu mmoja alisema afazali kubadilisha kwanza shofere kuliko demareri. Mwalimu wa fizike akaomba apewe majuma mawili. Ndiyo yale majuma mawili tunayotaka kuwaeleza.

Kwanza mjue njia. Mtu akitaka kujua kwa nini maji hayafiki kwenye robine, anafuata mabomba. Umeme vilevile. Kutoka kichwa cha zaidi (+) cha batri kuna kable nene kama kidole ambayo inaenda mpaka kwa demareri. Demareri ni moteri ndogo ya umeme, lakini yenye nguvu: kazi yake ni kuzungusha moteri kubwa mpaka ianze kujizungusha yenyewe. Kutoka demareri umeme lazima urudi kwa kichwa cha kupunguza (–). Na haurudi kwa kable nyingine ndefu. Demareri imefungwa kwa buloni juu ya chuma cha moteri. Kutoka chuma cha moteri kuna mkanda wa nyuzi za shaba ambao unaenda kwa shasi, na kutoka shasi kable moja inarudi kwa batri. Mafundi wanaita njia hii ya kurudi "mase." Moteri imekalia mipira, na mipira haipitishi umeme, ndiyo maana ule mkanda ni lazima uwepo. Wengi wetu tunafikiri juu ya kwenda, na kurudi tunakusahau.

Kuna njia nyingine, nyembamba. Inapita kwa ufunguo, yaani kontakti, kiisha kwa rele, mpaka juu ya demareri penye kitu kama kopo dogo: ndiyo solenoidi. Ufunguo wenyewe hauwezi kubeba umeme mkali wa demareri, ungeungua. Unatuma tu mjumbe. Solenoidi ikipata mjumbe, inafanya kazi mbili kwa pamoja: inasukuma jino la demareri liingie katika meno ya volani, yaani lile gurudumu kubwa nyuma ya moteri, tena inafunga mlango mnene wa shaba ili umeme mkali upite. Ule mlio wa "tak" ni solenoidi. Kwa hiyo mtu akisikia "tak," tayari anajua kwamba mjumbe amefika. Usiku ule tulisikia "tak" kwa masikio yetu wenyewe, lakini hatukujua kusoma.

Zamani haikuwa hivyo. Watu walizungusha moteri kwa manivela ya chuma, na mara nyingine manivela ilirudi nyuma kwa nguvu na kuvunja mkono. Ni katika mwaka 1912 ambapo Cadillac ya Marekani iliuza motokari zenye demareri ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Batri ya risasi ni mzee zaidi: Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza katika mwaka 1859.

Sasa tufike kwa neno lenyewe: kwa nini taa ziliwaka na demareri ilikataa? Wa mwaka wa nne na kuendelea, chukueni kalamu. Georg Ohm, Mjerumani, alionyesha katika mwaka 1827 sheria ambayo tunaiimba kila siku darasani: volti ni uzuilifu mara ampere. Taa kubwa moja ya wati 55, kwa volti 12, inaomba karibu ampere 4,6. Demareri ya moteri ya mazutu kama yetu inaweza kuomba ampere 200 na zaidi. Tuseme mahali fulani katika njia kuna kutu kidogo, uzuilifu wa omu 0,02 tu. Kwa taa: 4,6 mara 0,02 ni volti 0,09. Nani ataona taa imepoteza volti 0,09? Hakuna. Kwa demareri: 200 mara 0,02 ni volti 4. Demareri inabaki na volti 8, na bado hatujahesabu zile ambazo batri yenyewe inapoteza inapofanya kazi ngumu. (Mwalimu ametukumbusha kwamba hesabu hii ni ya haraka: volti zikishuka, ampere nazo zinashuka. Lakini maana yake inabaki ileile.) Tena, kutu ikiwa kwa njia ya moteri tu, taa haziguswi hata kidogo, kwa maana taa zinarudi kwa shasi bila kupita kwa moteri. Basi lile fikiri letu la "taa zinawaka, motokari ni nzima" lilikuwa bure. Taa ni shahidi mzuri, lakini lazima kumuuliza kwa akili.

Namna ya kumuuliza ni hii. Usiku, ama mahali pa giza, washa taa, kiisha geuza ufunguo, na uangalie huku unasikiliza. Taa zikipungua sana na solenoidi ikilia mbiombio, tak-tak-tak-tak, mara nyingi batri imechoka, haina umeme wa kutosha. Taa zikizimika kabisa mara moja, angalia kose za batri, vile vyuma vinavyobana vichwa vyake: pengine zimelegea ama zimeota ule unga mweupe na wa kijani. Taa zikibaki na mwanga wake na husikii kitu, mjumbe hakufika: tafuta kwa kontakti, kwa rele, kwa fizibili, ama kwa waya nyembamba. Na zikibaki na mwanga, ama zikipungua kidogo tu, lakini "tak" inasikika, basi mjumbe amefika na mzigo haukupita. Hapo ubaya uko kwa mlango wa shaba ndani ya solenoidi, ama kwa makaa ya demareri yaliyoisha, ama kwa kable nene, ama kwa mase. Yetu ilikuwa ya namna hii ya mwisho. Batri mpya haikuwa na kosa wala faida.

Lakini kuna ugumu ambao hauko katika vitabu vyetu. Motokari inayokataa kila siku ni rahisi kutibu. Inayokataa mara moja moja ndiyo inatesa watu, kwa sababu ukiileta kwa fundi inawaka vizuri, na fundi anapima mtu mzima. Siku ya kwanza tulipima kila kitu kwa voltimetri ya maabara. Batri ikiwa imepumzika: volti 12,6, ndiyo batri iliyojaa (12,2 ingekuwa karibu nusu, na chini ya 12 ni njaa). Moteri ikizunguka kwa demareri: haikushuka chini ya 10, vizuri. Moteri ikiwaka: 14,1, kwa hiyo alternateri inajaza batri sawasawa. Kila kitu kizuri! Mwenzetu mmoja alicheka akasema tufunge kitabu. Mwalimu akasema: "Mumepima siku ya afya. Ngojeni siku ya ugonjwa."

Basi tukafunga kaye kwa uzi kwenye mlango wa motokari. Kila mara Papa shofere anapogeuza ufunguo aliandika: saa, moteri ya moto ama ya baridi, mvua ama jua, motokari imetoka wapi, ilikataa ama ilikubali, ilikuwa na mlio gani. Tulifikiri atakataa, baada ya yote tuliyomsema. Hakukataa. Mwandiko wake ni mzuri kupita wa wengi wetu. Siku ya tisa mtu angeweza kuona jambo kwa macho: motokari haikukataa hata mara moja ikiwa imelala tu mahali pamoja. Ilikataa nyuma ya safari ya njia mbaya, ile yenye mashimo. Na mara moja katika sehemu ya maelezo Papa alikuwa ameandika: "Kable ya akseleratere ilikuwa moto."

Sisi tulipita juu ya maneno yale. Mwalimu hakupita. Akamwita akamwuliza: "Papa, moto namna gani?" Papa akajibu: "Moto ya kuunguza kidole. Nilisema hii maneno tangu mwaka jana, hamukunisikia."

Fikirini kidogo, ndugu. Kable ya akseleratere ni uzi wa chuma unaotoka kwa mguu wa shofere mpaka kwa moteri. Haina kazi yoyote na umeme. Kwa nini iwe moto? Kwa sababu umeme wa demareri, ukikuta njia yake ya kurudi imefungwa, hautulii. Unatafuta kijia kingine chochote cha chuma kutoka moteri mpaka shasi. Unakuta ile kable nyembamba, unajisukuma ndani yake, unaipasha moto, na bado haitoshi kuzungusha demareri. Kable ya moto ilikuwa kama kidole kinachoonyesha: mase ya moteri ni mbaya.

Tulingoja ikatae. Ilikataa siku ya posho, saa tisa, ikitoka kwa njia ya mashimo. Tulikimbia na voltimetri. Waya moja tuliiweka kwa kichwa cha kupunguza cha batri (kichwa chenyewe, si kose), nyingine kwa chuma safi cha moteri, na Papa akageuza ufunguo. Kama njia ya kurudi ni nzuri, namba inapaswa kuwa ndogo sana, volti 0,2 ama 0,3. Tuliona zaidi ya 6. Nusu ya batri nzima ilikuwa inapotelea pale. Kiisha, bila kuzima kitu, Mwalimu alichukua kable ya kugawa umeme, akaifunga kutoka kichwa cha kupunguza mpaka kwa chuma cha moteri, moja kwa moja. Papa akageuza. Moteri ikazunguka kwa nguvu ambayo hatukuisikia tangu mwaka jana. Jaribio hili halihitaji voltimetri, tena linaweza kuokoa mtu usiku. Kama tungelijua mwezi wa tatu, tipoyi isingehitajika.

Tulilala chini ya motokari na funguo ya 13. Ule mkanda wa mase ulikuwa pale, umefunikwa na udongo na mafuta. Nyuzi zake nyingi zilikuwa zimekatika, na chini ya buloni, upande wa shasi, mtu alikuwa amepaka rangi kwanza na kufunga mkanda juu ya rangi; kutu ilikuwa imeingia kati. Moteri ikicheza-cheza juu ya mipira yake kwa njia mbaya, nyuzi zilizobaki zilijitenga. Ikitulia usiku, ama ikipigwa nyundo, ziligusana tena. Ndiyo maana nyundo ya yule fundi "iliponyesha" demareri. Hakudanganya. Aliona kitu cha kweli, akakipa jina lisilo lake.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi: kutosha kose ya kupunguza kwanza, kusugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, kufunga mkanda mpya uliokatwa kutoka kable nzito ya zamani, kukaza buloni, kupaka gresi juu ili maji yasiingie, na kurudisha kose ya kupunguza mwisho wa yote. Feza tuliyotoa ni ya msasa na vichwa viwili vya kable.

Hatusemi kwamba kila motokari inayogoma ina mase mbaya. Kuna zile zenye kitufe chini ya ambreyaje: usipokanyaga mpaka mwisho, mjumbe hapiti. Kuna kontakti iliyochoka kwa sababu ya mzigo wa funguo kumi zinazoning'inia. Kuna demareri ambazo makaa yao yameisha kweli, na hizo pia zinaamka kwa nyundo, lakini pigo kila siku linakuwa kubwa zaidi. Kuna motokari za sasa ambazo ufunguo wake una alama ndani, na kompyuta isipoitambua, haiwaki. Na kama demareri inazunguka vizuri lakini moteri haiwaki, hiyo ni habari nyingine kabisa: tafuteni mazutu, hewa katika mabomba ya mazutu, buji za kupasha moto wakati wa baridi, kwa zile za esanse, tafuteni moto wa buji. Msianze na batri.

Wale wadogo ambao tayari tumewaona wanachungulia chini ya kapo, wasikilize. Ndani ya batri kuna asidi inayokula nguo na macho. Inapojazwa inatoa gazi inayolipuka kwa cheche moja. Msiilete kibatari karibu. Pete na saa zitoke mkononi. Ufunguo wa chuma usiguse vichwa viwili kwa pamoja. Kabla ya kugeuza kontakti, vitesi iwe mahali pa katikati na freni ya mkono ivutwe, kwa maana demareri peke yake inaweza kusukuma motokari juu ya mtu aliye mbele yake.

Inabaki sababu yetu tuliyosema mwanzo. Siku ya kwanza ya juma iliyofuata tulienda kwa Bwana Prefe na raporti ile ya mwezi wa tatu. Tuliomba mstari wetu ufutwe. Alisema raporti haifutwi, lakini mtu anaweza kuandika chini yake. Tukaandika chini yake kwamba shofere hakuwa na kosa, kwamba alikuwa ametuambia ishara ya ugonjwa na hatukumsikia, tukatia sahihi sisi makapita watatu. Kamati ya wazazi ilisomewa. Ile batri ya zamani, iliyotoshwa kwa hukumu ya bure, tulipoijaza na kuipima ilibaki na volti 12,5; sasa iko katika chumba cha masomo cha mabinti na inawasha taa saa umeme unapokatika.

Kiisha tulienda kwa Papa shofere mwenyewe, kule chini ya mti anapoosha motokari, kumwomba msamaha kwa kinywa. Tulikuwa tumetayarisha maneno marefu. Alitusikiliza mpaka katikati, akaangalia juu, akasema: "Batoto, mufunge kapo, mvua inakuya."